Matanga ya Mkawasi

Sogeeni, wanangu, ngano imeiva; atakayesinzia atalala na njaa yake.

Palikuwa na mwanamke, Mkawasi, na zimwi la mlimani. Zimwi likitikisa njuga zake, miguu ya Mkawasi huenda yenyewe kuiba kuku wa majirani na kulipelekea. Zimwi hula nyama, Mkawasi hutupiwa mifupa.

Akajifunga kamba kwenye nguzo. Njuga zikalia, akaing'oa nguzo akaenda nayo. Akaziba masikio kwa nta. Njuga zikalia, miguu ikasikia. Mara ya tatu akalia yeye: "Bwana Yesu, mimi siwezi!"

Mwalimu wa dini akambatiza mtoni, akamzamisha Mkawasi, akaibuka Anastasia. Na majirani, haohao walioibiwa kuku, wakamkalia Mkawasi matanga siku tatu, kama maiti yeyote.

Siku ya nne zimwi likaja, njuga mkononi. "Mkawasi! Njoo!"

Miguu ikataka kwenda. Anastasia akatoka uani kifua mbele.

"Mkawasi amekufa. Matanga tumekwisha kuanua. Wewe bwana wake, mbona hukuja kumzika?"

"Mwongo! Miguu ni ileile!"

"Miguu ni ileile, bwana ni mwingine. Huyu alinifia akafufuka, wala hanitupii mifupa."

Zimwi likatikisa njuga kwa hasira mpaka zikakatika, likakimbilia mlimani mikono mitupu. Anastasia akaziokota.

Jumapili akazivaa kwenye miguu ileile, akaingia kanisani akicheza. Ngano hii niliiokota hapo nyuma yake, nami nikicheza.