Ngazi za Bwana Ndimbo

Bi Sikitu, fundi cherehani mwenye mguu mmoja, alitaka bima imlipie mguu wa bandia. Dirisha la kadi za bima lilikuwa chini, lakini cheti cha ulemavu alikitoa Bwana Ndimbo, ghorofa ya tatu, kwenye jengo lisilo na lifti. Akamvizia akishuka kwenda kunywa chai.

“Kanuni ni kanuni, mama. Panda juu.”

“Na nikipanda, baba?”

“Aa, ukiweza kupanda, ulemavu uko wapi?”

Wakacheka wote wawili.

“Basi niandikie kwa nini sikupanda, mume wangu asije akadhani nilipitia sokoni.”

Ndimbo, ambaye muhuri hakuuacha hata akienda chai, akaandika: “Mama huyu hakufika kwangu. Ana mguu mmoja, hawezi kupanda ngazi.” Akagonga.

Bi Sikitu akajikongoja hadi dirishani.

“Cheti hiki hapa, mwanangu. Kina hata muhuri wa mkuu.”