Ufunguo wa Ngazija na Fimbo ya Ndiva

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya juzi, barua zilipokuwa zikisafiri wiki tatu na kufika zimechakaa pembeni, palikuwa na mke na mume waliokuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa Mbaleni, juu katika Milima ya Upare. Nyingine ilikuwa kisiwani Ngazija, ng'ambo ya bahari, katika nchi nyingine kabisa. Na kwa kuwa mtu halali katika nyumba mbili, hapo ndipo shida ilipopata mlango wa kuingilia.

Mke aliitwa Sitina, Mngazija. Mume aliitwa Hatibu, Mpare. Walikutana Tanga, Sitina akiwa kwa shangazi yake mshonaji, Hatibu akiwa ameteremka kujenga tangi la maji la shule. Wakaoana, Sitina akapanda mlima na mumewe, akakaa huko miaka saba. Wengine husema minane. Ni saba na miezi miwili.

Katika miaka hiyo alijifunza kupika makande hata mama mkwe wake, Mama Nakiete, akaacha kuyaonja kabla ya kupakuliwa. Hata hivyo watu walipomtaja walisema "yule Mngazija wa Hatibu." Na siku za msaragambo, kazi ile ya kijiji kizima, wanawake wenzake walipewa majembe, yeye akapewa kata ya kuwanywesha watu, kama mgeni. Sitina hakunung'unika. Kila alipopewa kata alijiambia moyoni kwamba kwao ana nyumba.

Na kweli alikuwa nayo. Ngazija mtoto wa kike wa kwanza hujengewa nyumba, na akiolewa, mume ndiye anayehamia. Sitina alikuwa na umri wa miaka tisa wajomba zake walipoanza kukusanya mawe. Alikuwa akikaa juu ya rundo lile jioni, akichagua jiwe la dirisha lake.

Upare mambo huenda kinyume, mke ndiye anayehamia kwa mume. Hatibu na Sitina walilicheka jambo hili siku ya harusi, wakalicheka tena mwaka wa pili, na kwa kulicheka hivyo hawakuliamua.

Basi mwisho wa Ramadhani ikafika barua ya Koko Moinesha, bibi yake Sitina. Ilisema hivi: "Nyumba imekwisha, limebaki tangi tu. Njoo na mumeo mfungue mlango. Maulidi ikipita hamjafungua, ufunguo utakuwa wa mdogo wako Zaliha, maana nyumba haisubiri mtu kama kiti cha mgeni. Nami macho yangu hayana Maulidi nyingi."

Sitina aliisoma mara tatu, akampa mumewe.

"Mwanamume kuhamia kwa mkewe," Hatibu alisema. "Mama akisikia atacheka wiki nzima."

"Nimesikia," alisema Mama Nakiete kutoka jikoni. "Sijacheka bado. Endelea."

"Mama, mimi ni mshika ndiva."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo juu ya kijiji. Maji ya chemchemi hulijaza usiku kucha, na asubuhi mshika ndiva huchomoa kizibo, maji yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Jioni kizibo hurudishwa. Ukoo wa Hatibu ulikuwa umeishika fimbo ya ndiva ile, inayompa mtu haki ya kugawa maji, vizazi vitano. Mshika fimbo na mwenzi wake wakiwa hawapo wote siku saba, fimbo huhamia ukoo mwingine, na haijapata kurudi.

"Kwa hiyo tukienda nyumba ya Sitina, fimbo inapotea," alisema Hatibu.

"Na tusipokwenda," alisema Sitina, "nyumba inapotea."

Wakatazamana. Kisha Sitina akasema, "Wewe nenda kwanza. Kaa kwetu hadi karibu na Maulidi, ulimalize hilo tangi. Mimi nitabaki hapa nishike fimbo. Wewe ukikubaliwa na watu wa kwetu, tutahamia kwetu. Mimi nikikubaliwa na watu wa ndiva, tutabaki."

Hatibu alikubali upesi, kwa kuwa alitaka kubaki na alijua kisiwani atakuwa mgeni tu. Sitina naye alikuwa amelipanga hivyo kwa kuwa alijua Mbaleni haijapata kumkubali mtu wa kuja. Alitaka kwenda. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kukubaliwa bila kutaka.

Wiki moja baada ya Idi Hatibu akaondoka.

Asubuhi ya kwanza Sitina alipanda hadi kwenye ndiva na fimbo mkononi. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, yametulia. Sasa ni lazima mjue kwamba Ngazija hakuna mto. Mvua ikinyesha, mlima huimeza. Watu hukinga maji ya paa katika tangi, na tangi halifunguliwi. Huchotwa, tena kwa kiasi. Sitina alipokuwa mdogo aliwahi kupigwa kwa kumwaga kikombe kimoja. Alikishika kizibo, mkono ukakataa. Akakilegeza kidogo, maji yakatoka kama uzi.

Saa nne akaja Senkoro, mwenye shamba la mwisho kwenye mfereji.

"Shemeji, leo ni zamu yangu."

"Maji hayajakufika?"

"Yamefika. Nilidhani ni mfereji unatoka jasho."

Siku ya pili alijikaza, akashindwa, hakufungua kabisa. Siku ya tatu vilevile. Mama Nakiete alimuuliza wakati wa chai, "Mwanangu, hayo maji unayaweka yaive?"

"Mama, kwetu maji yakimwagika hayarudi."

"Basi jiandae. Wanakuja."

Wakaja kweli, watu kumi na tisa na majembe, Senkoro mbele. Wakasema mengi. Wakasema Mngazija arudishe fimbo, akachukue kata yake. Sitina akainuka kuitoa, maana kushindwa ndiko kulikokuwa njia yake ya kwenda kwao. Lakini kabla hajainyoosha, mlima ukanguruma. Ukingo wa mlima juu ya ndiva ulikuwa umemeguka na kuufukia mfereji wa kutoka kwenye chemchemi.

Kuuzibua kulichukua msaragambo wa siku kumi na moja. Na siku kama hiyo, saa kama ile, ndiva zote za milima ile zilikuwa zimeshafunguliwa na kubaki tope. Iliyojaa ilikuwa moja.

Hapo mkono wa Sitina ukajua kazi yake. Alichonga alama kwenye fimbo, akaisimamisha majini, akasema, "Alama moja kwa siku. Mfereji haufunguliwi, utakunywa wenyewe njiani. Kila nyumba ilete ndoo, kila shina la maharage kata moja, asubuhi kabla ya jua." Watu wakanung'unika, wakabeba. Kata aliyokuwa akiwanyweshea watu ndiyo ikawa kipimo. Siku ya kumi na moja maji ya chemchemi yalipoteremka tena, ndiva ilikuwa na alama moja iliyobaki, na maharage ya Mbaleni yalikuwa yamesimama, hata ya Senkoro.

Wazee wakakutana. Senkoro alisema, "Lilikuwa kosa lililobahatika."

Mzee mmoja akamuuliza, "Siku tatu za kwanza ni bahati. Zile kumi na moja?"

Senkoro alifikiri, akasema, "Zile alifanya kazi."

Wakampa fimbo, si ya kumshikia mume bali yake mwenyewe, na siku ya msaragambo uliofuata akakuta jembe limewekwa mahali pake. Sitina alilishika lile jembe akageuza uso, maana hakutaka wamwone. Miaka saba alikuwa amejiambia kwamba hana haja nalo.

Na tangu siku hiyo alikifungua kizibo kila asubuhi, ingawa alikuwa akifumba macho.

Wakati huo barua za Hatibu zilikuwa zikija. Ya kwanza ilisema amefika, amepewa mashelisheli ya kuchoma, na Koko anamwita "mkwe wa mlimani." Ya pili ilikuwa fupi na mwandiko wake ulikuwa mbaya.

"Mke wangu," aliandika, "nimefanya jambo. Asubuhi ya tatu niliamka nikaliona tangi la zamani la Koko limejaa hadi juu. Miaka ishirini mimi nikiona maji yamejaa asubuhi, nachomoa kizibo. Sikufikiri. Nilichomoa kile cha kusafishia tangi. Maji yakaingia kwenye mawe, hata tope halikubaki. Koko alitoka akatazama. Alinipa kikombe cha chai, akaniambia, kunywa taratibu mwanangu, ndiyo ya mwisho. Nimeshindwa. Tayarisha makande, nakuja."

Sitina alicheka hadi Mama Nakiete akaja kuuliza, akasomewa, naye akacheka wiki nzima aliyokuwa akidaiwa.

Lakini Hatibu hakuja. Barua ya tatu ndiyo iliyoeleza. Siku ile ile majirani walisikia, wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na ndoo yake, wakaimimina katika mitungi ya Koko. Nyumba ishirini na sita. Hakuna aliyemsema. Hatibu akaona haya kuliko ambavyo angetukanwa, akaufungua mkoba aliokuwa amekwisha kuufunga tayari kuondoka, akaenda kuchonga mawe. Siku arobaini alichonga. Alitafuta udongo wa mfinyanzi mbali, akaukanyaga na kuutwanga kama wanavyoziba ndiva kwao, akajenga tangi kubwa mara tatu ya lile, na akapitisha mifereji ya bati kutoka paa la nyumba ya Sitina, paa la Koko na paa la msikiti, yote ikaingia humo. Mvua ya kwanza ililijaza. Halikuvuja tone. Zile nyumba ishirini na sita zikaja na ndoo zao tena, safari hii kuchota.

"Sasa nikipita njiani," aliandika Hatibu, "wananiita fundi wetu. Wetu, Sitina. Na jiwe la dirisha lako lipo palepale ulipoliomba. Nimekaa hapo jioni. Nimeelewa."

Zikiwa zimebaki siku kumi na nne kufika Maulidi, Hatibu alipanda mlima. Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba ufunguo. Ngazija ufunguo wa nyumba hushikwa na wanawake, haupewi mwanamume. Koko alikuwa amemvalisha mwenyewe, akasema, "Mpelekee. Njiani ni wako."

Hatibu aliuweka mezani. Sitina akaiweka fimbo kando yake.

"Nimekubaliwa," alisema Hatibu. "Tunahamia kwenu. Meli inatoka Tanga Jumamosi."

"Nimekubaliwa," alisema Sitina. "Tunabaki kwenu."

"Wewe ndiye uliyetaka kwenda."

"Na wewe ndiye uliyetaka kubaki."

"Sitina, ile nyumba wamekujengea tangu una miaka tisa. Nimeliona rundo ulilokuwa unalikalia, limebaki la kujengea ukuta wa bustani. Koko anapapasa mlango kila siku kujua kama umefunguliwa. Na hapa, ukiacha fimbo, ndiva haikauki. Ataishika Senkoro."

"Na kule, nikiacha nyumba, haibomoki. Atalala Zaliha. Nyumba ile nilipewa kwa kuzaliwa, Hatibu, sikuifanyia kitu. Hii fimbo hakuna aliyenizalia."

"Na mimi tangi lile nani alinizalia?"

Sitina akageukia dirishani. Alikuwa akilitazama jiwe la dirisha ambalo halikuwa mbele yake.

"Ulianza kwa kosa," akasema mwishowe.

"Na wewe je?"

Hapo wote wawili wakacheka, na kucheka hakukuamua kitu, kama siku ya harusi.

Wakamuuliza Mama Nakiete. Alikuwa akichambua maharage, yale yale ya siku kumi na moja. Akasema, "Mimi sina ugumu. Hatibu, mwanangu, nenda salama, unisalimie huyo Koko. Huyu niachie."

Hatibu akatoa barua aliyokuwa ameiweka mfukoni. Koko alikuwa ameandikisha maneno machache: "Sitina mjukuu wangu, kama umeupenda mlima, kaa. Lakini mkwe nirudishie."

Basi wakabaki hapo, chai mezani, na katikati ya vikombe fimbo yenye alama kumi na mbili, na ufunguo ulio bado na joto la kifua cha aliyeubeba. Hatibu alikuwa amekishika kichwa cha fimbo bila kujua. Sitina alikuwa ameupitisha ufunguo kidoleni bila kujua. Nje mfereji ulikuwa ukipita na maji ya asubuhi, na Jumamosi ilikuwa siku ya nne.

Mnaonisikiliza, mapatano yao mmeyasikia, na mmeona kwamba kila mmoja aliyatimiza, kila mmoja alikosea, na kila mmoja alilipa kosa lake kwa mikono yake. Wakienda wote, fimbo inapotea; wakibaki wote, nyumba inapotea. Je, ni nani kati yao aliyestahili kufuatwa: aliyeushinda ugeni Mbaleni, au aliyeushinda Ngazija?