Shikamoo, Jiwe

Paukwa!
Pakawa!
Mwambani kuna nini?
Mawe!
Yote mawe?
Hatujui!

Hamjui, basi tulieni niwaambie. Na wewe Saburi, acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, mwambani palikaa zimwi la samaki. Nene, lina manundu na ukoga kama jiwe lolote. Halikuogelea. Lilitambaa kwa mapezi, taratibu, kisha likatulia. Kwenye paji la uso lilikuwa na ujiti, na nchani mwa ujiti kinyama chembamba, mfano wa mnyiri, ule mkono wa pweza, kinachezacheza. Ukikifuata, mdomo unafunguka, mdomo unajifumba. Umekwisha.

Ila lilikuwa na kasoro moja: lilipenda ukubwa. Likiamkiwa haliwezi kunyamaza. Ndiyo maana wanawake wanaochokoa pweza, kabla ya kutia mchokoo wao tunduni, waliamkia: "Shikamoo, jiwe!" Likinyamaza, ni jiwe. Likisema "Marahaba," mguu niponye!

Basi, Bi Mwanakheri alikuwa na binti mmoja tu, Mize. Jamani, mtoto yule! Jirani, hamwamkii. Bibi yake, hamwamkii. Mama aliyemzaa, hamwamkii.

Siku moja ya bamvua, maji yametoka, wakashuka mwambani na wanawake wenzao kuchokoa pweza. Mama akamwambia, "Mize, amkia kwanza."

"Niamkie mawe, mimi? Mama nawe!"

Akaona mnyiri wa pweza unachezacheza mbele ya jiwe. Akainama. Chwap! Mchokoo wake ukabaki unaelea dimbwini.

Mama akalia mpaka sauti ikakauka. Maji yakaanza kujaa, wenziwe wakamvuta warudi pwani. Akakataa. Zimwi lilikuwa limeshajisogeza, halijulikani liko wapi. Akaenda jiwe hadi jiwe.

"Shikamoo, jiwe!" Kimya.

"Shikamoo, jiwe!" Kimya.

"Shikamoo, jiwe!"

Hapo zimwi ulimi ukaliwasha. Lakini lilikwisha onja binadamu, likataka na wa pili. Likajikaza lisiseme marahaba, likaiga sauti ya Mize: "Shikamoo, mama! Nimo humu ndani, nipe mkono."

Moyo wa Bi Mwanakheri ukaruka kwa furaha. Akanyoosha mkono. Mara akaurudisha.

"Muongo wee! Mwanangu hajaniamkia hata siku moja."

Zimwi likaachama limmeze. Akatia mchokoo kooni, akasukuma, akasukuma, akasukuma, mpaka likalegea. Akalipasua tumbo kwa kisu chake cha pweza.

Mize alikuwemo. Wa baridi, macho wazi.

Mama akampakata, maji yanamfika kifuani.

"Marahaba, mwanangu," akamwambia. "Marahaba."

Hadithi yangu imeishia hapo, mwambani, na maji yamejaa. Anayeamkia humtazama aliye mbele yake. Asiyeamkia hatazami, na asiyetazama huliwa. Haya, inukeni mkale. Na kwanza mkamwamkie mama yenu.