Jani la Isale na Kamba ya Mbuzi

Kulikuwa na mpasua mbao mmoja huku kwetu mlimani, mtu wa haraka na mbishi. Siku moja alikuwa anaangusha mgravilea mpakani. Wenzake wakamsihi aufunge kamba kwanza. Akawajibu kwamba miti anaijua. Mti ukaangukia kwa jirani, ukamponda mguu kijana wa pekee wa nyumba ile. Hospitali hawakuweza kuuokoa, wakaukata.

Tangu hapo yule mtu hakuwa na amani. Njia ya sokoni inapita mbele ya lango la jirani, kwa hiyo akawa anazungukia bondeni kama mwizi. Mwishowe mama yake akamwambia apeleke isale. Wageni wetu mlio hapa, isale ni mmea tunaopanda mipakani. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake, na maana yake ni moja: nimekosa, nisamehe.

Lakini yeye akawaza, jani? Jani linaloota kila ua, kwa mguu wa mtu? Akaona aibu. Akamfunga kamba mbuzi wake aliyenona, akaenda, jani mkono huu, mbuzi mkono huu.

Akamkuta mzee wa nyumba ile, baba wa kijana, anakatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Kijana alikuwa amekaa kizingitini na magongo yake. Mzee akaliona jani, akaweka panga chini. Halafu akamwona mbuzi. Akaliokota panga.

"Huyu mbuzi wa nini?"

"Mzee wangu, ni kidogo tu, cha kufuta machozi."

"Mwanangu yule pale. Mpeleke huyo mbuzi, mpime na mguu wake, uniambie kama vinalingana."

Yule mtu akazidi kuikaza kamba.

"Kama umekuja kulipa," mzee akasema, "basi lipa deni lote. Rudi na mguu."

Ninyi mngefanya nini, wapendwa? Mngekimbia? Mngeongeza mbuzi wa pili? Nawaambieni, kuiachia ile kamba kulikuwa kugumu kuliko kuja. Akiwa na mbuzi, bado alikuwa mtu mwenye chake. Bila mbuzi ni mkosaji mtupu mbele ya mwenye panga.

Akaiachia. Mbuzi akaenda zake kwenye maharage. Yule mtu akalishika jani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, shingo ikabaki wazi.

Kisha akasikia magongo yakija, yakasimama mbele yake. Mkono ukalichukua lile jani, na haukuwa mkono wa mzee. Ulikuwa wa yule kijana.

Mzee akalitupa panga kwenye migomba. "Aliyeumia amepokea," akasema. "Mimi sina kesi na wewe. Kaa, ule."

Wapendwa, sisi tunaye Mwana aliyeumia. Tulimuumiza sisi. Nasi kila Jumapili tunaingia humu tukivuta mbuzi: mimi ni mwanakwaya, mimi nimefunga, mimi sijawahi kugombana na mtu. Tunamwambia Mungu, ni kidogo tu, cha kufuta machozi. Je, kuna wimbo unaolingana na misumari ile?

Wala msidhani ni jani lililomwokoa. Majani yamejaa mipakani, ng'ombe wanayakanyaga. Alipona kwa sababu ya mkono uliolipokea. Ndivyo ilivyo imani: si mbuzi mdogo tunayemleta badala ya mkubwa. Ni kuja mikono mitupu kwa yule tuliyemuumiza, tukiamini kwamba atatupokea. Na kwa ajili yake, Baba anatuhesabia haki.

Baadaye mtu yule alikuwa anamkatia kijana majani ya ng'ombe kila wiki. Hakutumwa. Alikuwa anapita lango lile lile, mchana, akisalimia kama mtu wa nyumbani.

Lakini wewe uliyekaa hapo, mkono wako bado umekaza kamba. Naiona. Iachie.