Fundo Jekundu la Namkunda

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto ambaye mwili wake uliikataa dawa moja. Mwanamke huyo aliitwa Namkunda, msuka kamba katika kijiji cha mashamba ya katani, na mwanawe aliitwa Mbazi.

Tabibu wa zahanati alimchoma Mbazi sindano ya dawa hiyo bila kuuliza lolote. Uso ukavimba, pumzi ikakwama, mtoto akaponea chupuchupu. Tabibu aliandika tukio hilo daftarini. Lakini daftari lilikuwa moja tu, na lilikaa mikononi mwa aliyekosa.

Namkunda akawaza kama msukaji. Akawaendea wenzake wanne, nao watano wakaanza kamba zilizo sawa. Kila Mbazi alipotibiwa, walikutana wakafunga fundo lile lile, kila fundo likibana mkia wa lililotangulia. La sindano ile walilitia rangi nyekundu. Wenzake walitunza mafundo tu. Maana yake aliijua Namkunda, naye alimwambia amtakaye.

"Mama Mbazi, ugonjwa haufungwi kamba kama mbuzi!" tabibu alimcheka.

"Mbuzi wangu hajapotea bado, daktari," Namkunda akajibu.

Ikasikika kwamba mkaguzi anakuja. Tabibu akachana ukurasa ule. Kisha, Namkunda akiwa shambani, akaingia kwake, akaifumua kamba, akalitoa fundo jekundu na kuyafunga upya yaliyofuata. Baadaye akahamishwa, akaenda zake.

Mwaka uliofuata Mbazi akashikwa na kichomi. Tabibu mgeni alikwisha kuvuta dawa ile ile kwenye bomba la sindano Namkunda alipomshika mkono, akamwambia mtoto haiwezi dawa hiyo. Tabibu akafunua daftari: hamna kitu. Namkunda akatoa kamba yake, lakini fundo jekundu halikuwamo. Mtoto alikuwa anahema kwa shida, na neno la mama peke yake halikutosha.

Akaagiza wenzake waitwe. Walikuja mbio, vumbi la katani nguoni, wakalaza kamba zao mezani. Zote nne zilikuwa na fundo jekundu mahali pamoja. Ya Namkunda haikuwa nalo, na kuanzia hapo mafundo yake yalikuwa legelege, mafundo ya mtu ambaye hajawahi kusuka.

Namkunda akainua kichwa, akaeleza maana ya fundo lile. Tabibu akaliweka bomba chini, akachukua dawa nyingine. Mbazi akapona. Siku ya kurudi nyumbani Namkunda alipita katikati ya njia pamoja na wenzake, kamba tano mabegani, wala hakumpisha mtu. Na yule tabibu mgeni aliomba afundishwe kusuka ya sita.

Leo kompyuta nyingi zinaweza kuzitunza habari za mgonjwa kwa namna hiyo, kila moja ikiwa shahidi wa mwenzake. Wataalamu wanaiita blokucheni. Namkunda hakulijua jina hilo. Wewe unayelijua, habari za mwili wako zimefungwa katika kamba ngapi, na ni nani anayeweza kuzifumua ukiwa shambani?