Safari ya Sultani Shekue Kwenda Tandaraa

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko barabara, palikuwa na sultani katika mji wa Ukwajuni, jina lake Shekue. Alikuwa mtu mwema na mkarimu, lakini alikuwa na kasoro moja: hakuweza kustahimili jambo asilolitazamia. Akiletewa uji saa ya mkate, huugua kutwa. Mvua ikinyesha bila yeye kuarifiwa, humwita mnajimu akamgombeza.

Dada yake, Bibi Zaituni, alikuwa ameolewa Tandaraa, mwendo wa siku tatu, naye kila mwaka alimwandikia barua: "Kaka yangu, njoo uuone mji wetu, masoko yake na vichochoro vyake, na viunga vyake vyenye chemchemi za maji ya moto. Miaka saba sijauona uso wako." Sultani akiisoma barua hutokwa na machozi, maana alimpenda sana dada yake. Ila Tandaraa hakuwahi kufika, na mji usioujua umejaa usiyoyatazamia.

Basi akatoa amri, ikapigiwa mbiu: "Atakayenipangia safari ya Tandaraa, nikafika na kuutembelea mji pasitokee hata jambo moja lisilokuwa katika mpango wake, nitampa nyumba ya mawe. Likitokea, atakaa gerezani mpaka siku nitakayoingia Tandaraa."

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Makungu, tarishi wa Sultani, aliyeijua njia ile kuliko kiganja chake. Akapanga kila kijito na kila kivuli cha kupumzikia, lakini nyuki hakuwapanga. Kabla ya adhuhuri Sultani alikuwa amerudi Ukwajuni, mdomo umevimba kama andazi, na Makungu akatiwa gerezani. Wa pili alikuwa mwanachuoni mmoja ambaye aliandika mpango wa kurasa arobaini, hata mahali pa kupigia chafya akapataja. Walipofika nusu ya njia, punda wa mizigo akazaa. Sultani akauliza, "Huyu mtoto yumo katika mpango?" Wakatafuta kurasa zote arobaini, hayumo. Wakarudi, na mwanachuoni naye akatiwa gerezani.

Ikawa kila mara Sultani hurudi, na kwa kuwa hurudi, hafiki. Na kwa kuwa hafiki, waliofungwa hawatoki.

Makungu alikuwa na mke, jina lake Mwanamize, msuka mikeka, maskini asiye na mbele wala nyuma. Watu walimwita punguani, kwa sababu alilichukua neno kama lilivyotoka kinywani. Siku moja jirani alimwambia, "Nenda dukani ukatazame kama chumvi ipo." Akaenda, akatazama, akarudi mikono mitupu, akasema, "Ipo." Mwanamke huyu alipoona mumewe amemaliza miezi minne gerezani, akajifunga kaniki yake yenye viraka, akaenda barazani kwa Sultani.

"Maulana, Mungu akuzidishie umri," akasema. "Nimekuja kukupangia safari."

Waziri Kombo, aliyekaa kuumeni kwa Sultani, akacheka kwa pua. "Wewe Tandaraa umepata kufika?"

"Sijafika, bwana."

"Sasa utaipangaje?"

"Wale waliofika wako gerezani," akajibu Mwanamize. "Labda tumjaribu asiyefika."

Sultani akakubali. Na kwa kuwa Mwanamize hakujua kuandika, akapewa karani, naye akamtajia maneno, karani akaandika. Mpango wote ulikuwa mistari mitano, nao ukasomwa mbele ya watu:

"Siku ya kwanza, Sultani atakutana njiani na kitu ambacho hajapata kukiona. Atasimama akitazame, kisha ataendelea.

"Siku ya pili atapotea. Atauliza njia, naye ataelekezwa vibaya.

"Siku ya tatu ataingia Tandaraa, na hapo hakuna atakayemjua isipokuwa dada yake. Atakula chakula asichokijua jina, naye ataomba aongezwe.

"Siku ya nne atatembelea viunga vya mji. Ataambiwa ni karibu, wala si karibu.

"Siku ya tano litatokea jambo ambalo Sultani hakulitazamia kabisa."

Waziri Kombo akasema, "Maulana, huu si mpango. Hii ni dhihaka."

Sultani akashika ndevu zake akawaza, akasema, "Nyuki wangekuwamo katika mstari wa kwanza. Na mtoto wa punda vilevile." Kisha akamgeukia Mwanamize. "Mstari mmoja ukikosea, je?"

"Nitakaa na mume wangu gerezani, Maulana. Hata sasa nyumbani nakaa peke yangu."

Basi wakaondoka alfajiri: Sultani, waziri, karani, askari sita, na Mwanamize juu ya punda. Walikwenda hata jua likapanda, Sultani akitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza hakutazama kwa hofu, alikuwa akitafuta. Mara wakamwona mtu anakuja, amebeba mgongoni mlango mzima wenye komeo na bawaba.

Sultani akasimamisha msafara. "Ewe bwana, wapeleka wapi mlango huo?"

"Kwenye nyumba yangu."

"Nyumba yako iko wapi?"

"Sijaijenga bado," akasema yule mtu. "Mlango nimeupata kwanza. Lakini nikiuacha porini wataniibia, na pa kufungia sina."

Sultani akacheka hata kilemba kikamteremka usoni. Akasema, "Karani, weka alama mstari wa kwanza."

Siku ya pili wakafika njia panda. Sultani, badala ya kuuliza askari, akachagua mwenyewe njia iliyokuwa na maua zaidi, na baada ya saa moja hawakujua waendako. Wakamwona mchunga mbuzi. Akawaelekeza kwa fimbo yake, wakaifuata njia, ikawapeleka katikati ya shamba la maboga, ikakoma. Waziri akafoka, "Tumepotea, Maulana."

"Alhamdulillahi," akasema Sultani. "Nilikwisha kuingiwa na wasiwasi kwamba hatutapotea."

Mwenye shamba akawachomea boga, wakalila kwa mikono, wameketi juu ya majani, na Sultani wa Ukwajuni akajipaka boga mpaka masikioni. Kisha yule mzee akawaonyesha njia iliyo sawa.

Siku ya tatu wakaingia Tandaraa. Vichochoro vya mji ule vilikuwa vyembamba hata mwavuli wa Sultani haukupita, ukafungwa. Akatembea kama watu wengine, akasukumwa na wachukuzi, na mwuza samli akamwambia, "Mzee, pisha." Askari wakashika panga, Sultani akawazuia. "Mwacheni. Imeandikwa hakuna atakayenijua." Akapisha. Akaenda akipisha kila mtu, hata asiyehitaji kupishwa, mpaka akafika nyumbani kwa dada yake.

Bibi Zaituni akafungua mlango, akamtazama kaka yake, ndevu zimeingia mvi na uso una boga. Wakashikana pale mlangoni, wakalia wote wawili, na miaka saba ikapita juu yao kama upepo. Jioni akaletewa chakula cheupe, kitamu, chenye harufu ya iliki, asichokijua jina. Akala bakuli tatu.

Siku ya nne wakaenda viungani kuzitazama chemchemi za moto. Kila waliyemwuliza alisema, "Ni hapo mbele tu." Wakatembea hapo mbele tu mpaka adhuhuri, na Sultani akavua viatu akavibeba kwapani. Walipofika, akatumbukiza miguu majini, akafumba macho, akakaa saa mbili. Kisha akasema, "Dada, kumbe ulikuwa ukiniandikia kweli."

Lakini Waziri Kombo hakufurahi. Miaka mingi hofu ya Sultani ndiyo iliyompa yeye cheo, maana aogopaye kutoka hufanyiwa kazi na wengine. Basi akamwendea Bibi Zaituni, akamwambia kwa sauti ya huruma, "Bibi, kaka yako amechoka. Kesho mfanyie siku kama za kwao: uji saa ya uji, mkate saa ya mkate, na asije mgeni." Bibi Zaituni akaona ni ushauri mwema, akakubali.

Siku ya tano Sultani aliamka mapema, amejaa hamu. Ukaja uji saa ya uji. Akaukoroga hadi chini, hamna kitu. Akainua mito, akachungulia nyuma ya pazia. Paka akaingia, Sultani akaruka kutoka kitini, lakini paka yule alikuwa wa nyumbani, akapita zake. Ukaja mkate saa ya mkate. Ikawa alasiri, ikawa magharibi, na wala kikombe hakikuanguka.

Hapo Waziri Kombo akasimama mbele ya wote. "Maulana, siku imekwisha. Mstari wa tano umesema litatokea jambo usilolitazamia. Halikutokea kitu. Huyu mwanamke ameshindwa."

Sultani akamtazama Mwanamize kwa majonzi. "Mama, umeniangusha mwishoni."

Mwanamize akasogea mbele. Akasema taratibu, "Maulana, tangu asubuhi ulikuwa ukitazamia nini?"

"Nilikuwa nikitazamia litokee jambo."

"Ulitazamia kwamba siku itakwisha hivi hivi, bila jambo?"

"Hata kidogo. Sikulitazamia kabisa."

"Basi ndilo hilo, Maulana. Limetokea."

Bibi Zaituni ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mtandio, lakini haikusaidia. Waziri akasema upesi, "Maulana, kama limekupata usilolitazamia, basi amevunja amri yako."

"Amri yangu ilikataza jambo lisilokuwamo katika mpango," akasema Sultani. "Hili limo. Soma mstari wa tano." Na hapo kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akalala chali juu ya zulia, akipiga miguu.

Alipotulia akafuta macho, akasema, "Wafungwa wote wawili wako huru kwa neno langu, maana nimeingia Tandaraa. Nyumba ya mawe ni yako, Mwanamize. Waziri Kombo, wewe utapanga safari ya kurudi, kwa amri ile ile." Waziri akakaa chini pasipo kiti. "Nawe mama, omba jambo moja zaidi."

"Nataka mume wangu aletwe hapa," akasema Mwanamize. "Siku tano nimekuwa nikikutazama wewe, Maulana, na mji sijauona. Naye amekuja Tandaraa mara hamsini, lakini tarishi huishia langoni, akakabidhi barua akageuza."

Askari wakatumwa Ukwajuni, na baada ya siku sita Makungu akaletwa, amekonda, lakini anacheka. Asubuhi yake wakatoka wawili, mtu na mkewe, kuutembea mji. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kupotea, na hapakuwa na yeyote kati yao aliyetaka kuuliza njia.