Kwa Nini Kambare Hufunguliwa Kinywa Kwanza

Weka kisu chini, Kabula. Jivu nalo liache. Najua kwenu kambare hupakwa jivu, utelezi ukitoka anakatwa na kuingia chunguni. Hapa Mwalolo hatuanzi hivyo. Mkamwana mgeni hufundishwa kwanza kumfungua kinywa na kuchungulia ndani, na mimi mama mkwe wako ndiye wa kukueleza sababu. Kaa hapo. Na usininunie, wewe si wa kwanza kukatizwa upishi.

Zamani kijito chetu hakikuwa na rangi. Mwenzako akiingia majini mpaka magotini, uliviona vidole vyake vya miguu. Kambare wa wakati huo alikuwa na magamba kama samaki wengine na macho makubwa, tena akijivunia macho hayo kupita kiasi. Jirani yake alikuwa Perege, mama mpole. Kila msimu Perege alipepea mchanga kwa mkia hadi ukawa shimo la mviringo, akataga humo, kisha akayaokota mayai na kuyalea kinywani. Hata watoto wakishaanguliwa, kikitokea cha kuwatisha, walikimbilia kinywani kwa mama yao.

Sasa, dhahabu ni nzito. Perege alipopepea, mchanga mwepesi ulikwenda na maji, na punje za njano zikabaki ndani ya kiota. Yeye hakuzijali, maana haziliwi. Lakini Kambare aliziona. Siku moja akamwona pia Bulugu, mchungaji aliyekuja kunywesha mbuzi, akipekuapekua ukingoni na kuambulia changarawe tupu.

"Unajisumbua bure, bwana," Kambare akamwambia. "Nitupie maini ya mbuzi, nikuonyeshe zilipo."

Alidhani Bulugu angechota kidogo aende zake. Kosa lake ndilo hilo, na mimi namwonea huruma, ingawa hasira ninayo pia. Bulugu alichota kiota kimoja kwa kibuyu, akapata. Kesho yake alirudi na ndugu zake na majembe. Walifukua viota vyote, wakafukua sakafu ya kijito, wakabomoa na kingo. Maji yakawa mekundu, mazito kama uji. Samaki aina ya ningu, waliozoea kupanda na mvua ili wakatage huku juu, walifika bondeni wakageuza, hawakuonekana tena. Samaki wadogo walielea matumbo juu.

Perege alikuwa na watoto kinywani. Tope lilimjaa kwenye matamvua, akawa hawezi kupumua bila kufungua kinywa, na akikifungua, watoto wanachukuliwa na maji. Alihangaika huku na huku, mwisho akamfuata Kambare.

"Jirani, wewe una macho," alisema kwa shida. "Nibebee wanangu uwafikishe chemchemini. Huko maji bado ni safi. Mimi nitafuata."

Kambare hakuthubutu kumwambia ni nani aliyewaonyesha watu viota. Alipanua kinywa, watoto wakaingia, akaanza safari. Hakufika mbali. Katika tope lile hakuliona hata pezi lake mwenyewe. Alijigonga kwenye jiwe, kinywa kikaachama, watoto wakatawanyika.

"Jirani, mmefika?" Perege aliita kutoka nyuma.

Kambare alianza kupapasa kwa midomo, chini ya mawe, kwenye mizizi, ndani ya matope, mpaka nyama ya midomo ikavutika ikawa ndevu. Magamba yalikwaruzika yakaisha. Macho, kwa kukosa kazi, yalisinyaa. Pumzi ilipomwishia alipanda juu, akameza hewa, akarudi chini kutafuta. Perege aliita tena, halafu akanyamaza.

Na tangu siku hiyo kambare ana ndevu na vijicho vidogo, hana magamba, na hupanda juu kumeza hewa. Perege hayupo tena Mwalolo. Nasi tukimkamata kambare humfungua kinywa kabla ya kumgusa kwa kisu, kwa sababu huenda amemwokota mmoja, na wajibu wetu ni kumkimbiza mtoto huyo chemchemini. Usiulize kwa nini ni wajibu wetu. Bulugu ndiye babu wa ukoo huu uliokuoa.

Mama mkwe wangu alichungulia mpaka akazeeka, hakukuta kitu. Mimi pia sijakuta. Hilo halikuwa likininyima usingizi. Lakini jana mume wako alibeba mashine ya kuvuta maji. Nilipomuuliza anaipeleka wapi, alisema wamepata kokoto nzuri, zenye punje za njano, kule chemchemini. Akacheka, akaniahidi kitenge. Leo maji uliyoteka yana wekundu, umeyaona, na mimi naogopa, mwanangu.

Haya, mfungue. Taratibu, bado anahema. Chungulia vizuri, na ukiona kitu kinasogea humo ndani, niambie polepole, maana sijui tutakipeleka wapi.